Naomba ushauri: vali ya moyo ibadilishwe au ibakizwe?

Assalaam aleikum ndugu wanachama. Mdogo wangu, mvuvi wa miaka 34 hapa Mombasa, amepimwa akaonekana kuwa shina la aota, yaani mshipa mkuu utokao moyoni, limetanuka hadi sentimita 5.4 na vali yake inavuja. Ameshaanzishiwa dawa za presha. Daktari mmoja anapendekeza upasuaji wa Bentall, wa kubadilisha shina pamoja na vali, na kwa kuwa vali hiyo ingekuwa ya mitambo, angetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote (na jeraha la ndoana baharini si dogo kwa mtu wa dawa hiyo). Mwingine anapendekeza ule wa David, unaobadilisha mshipa na kuibakiza vali yake mwenyewe. Je, kuna aliyefanyiwa huu wa pili, na vali imedumu miaka mingapi? Pia, tumwulize nini daktari ili tuujue uzoefu wake?