Tupeane uzoefu: umeimarishaje stelingi ya gari lako la porini?

Mleta mada

Wakuu, habari za majukumu. Ukikaa gereji yoyote wanapotengeneza magari ya porini utasikia bampa la chuma, winchi, matairi ya inchi 33 na taa za juu. Stelingi hakuna anayeitaja hadi siku imegoma. Na hivyo vyote vinaiongezea mzigo: bampa na winchi vinakalia ekseli ya mbele, tairi kubwa linalipa jiwe nafasi zaidi ya kupindisha gurudumu, na rimu iliyotokeza nje inazidisha balaa.

Uzi huu ni wa waliowahi kuimarisha tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele yageuke pamoja), draglinki (fimbo inayotoka kwenye boksi kwenda gurudumuni), boksi la stelingi (linalopokea mzunguko wa usukani), hata fremu yenyewe. Semeni gari gani, nini kilishindwa, mlifanya nini, na baada ya hapo kikafuata nini. Hilo la mwisho ndilo nalitaka hasa, maana naona ukiimarisha kimoja, kipigo kinahamia kwa jirani yake.

Naanza mimi. Natumia Land Cruiser HZJ79 kupeleka mafundi kwenye minara ya simu huko Simanjiro na Kiteto. Tairodi yake imekaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo jiwe la mbele mara nyingi linakutana na difu kwanza. Kisiki kilichofunikwa na nyasi hakina adabu hiyo. Kilipita pembeni ya difu, kikaikuta tairodi katikati. Tairodi ikipinda inafupika, na kwa kuwa imekaa nyuma inavuta magurudumu kwa nyuma, basi mbele yanatanuka kama miguu ya bata. Gari linatembea, lakini matairi yanakwangua udongo na usukani haurudi wenyewe.

Tulilegeza klampu za pande zote mbili, tukalizungusha bomba lenyewe kwa spana ya bomba. Thredi za ncha mbili zinakwenda kinyume, moja ya kulia na moja ya kushoto, kwa hiyo ukizungusha bomba linarefuka pande zote kwa pamoja. Tukapima kwa fimbo ya mti, mbele ya matairi na nyuma yake, usawa wa katikati ya gurudumu, hadi tofauti ikabaki ndogo. Tukaingia mji wa Kibaya taratibu.

Mjini sikutaka kuinyoosha. Fundi wa kukereza alinitengenezea fimbo ya milimita 32 isiyo na tundu. Kwa fimbo za aina hiyo, nguvu ya kukataa kupinda inafuata kipenyo kikizidishwa chenyewe mara tatu. Ukitoka milimita 25 kwenda 32 umepata karibu mara mbili, kwa tofauti ambayo kwa macho unaiona ndogo tu. Mpaka sasa haijapinda. Nasubiri kuona kitakachopinda badala yake.

Dereva wa watalii, Karatu

Mkuu, mimi niko upande wa pili kabisa. Nataka tairodi ipinde.

Fikiria kipigo kinapita wapi: tairi, nako (kiungo kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo), mkono wa stelingi, tairodi, draglinki, boksi, fremu. Kati ya hivyo vyote, kitu gani unaweza kukitoa na kukirudisha ukiwa umelala chini ya gari, na wageni wanakunywa chai kando? Tairodi peke yake. Mimi nafunga ya kawaida, nyingine kamili na ncha zake inakaa juu ya keria, imefungwa kwa mpira wa tyubu.

Mwenzangu aliweka fimbo nene kama ya kwako. Haikupinda kamwe. Kilichomtoka ni stadi (bolti zisizo na kichwa) za mkono wa stelingi kwenye nako, zile nne zenye washa za koni. Huko Serengeti, ukitoka Naabi kwenda Seronera barabara imechongeka mawimbi, mtetemo hauishi, nati zinalegea kidogo kidogo. Nati ikilegea, mkono unaanza kucheza juu ya stadi, na stadi iliyozoea kuvutwa sasa inakatwa kwa ubavu. Mbili zilikuwa zimeshakatika siku nyingi, mbili zilizobaki zikaondoka kwa pamoja kwenye shimo dogo tu.

Kwa hiyo kabla hujanunua chuma kinene, chukua tochi uangalie pale. Ukiona mstari mwekundu wa kutu unatiririka kutoka chini ya nati, hapo kuna kitu kinacheza. Fungua, safisha mafuta yote, kagua koni, weka stadi mpya kama za zamani zimevutika, kisha kaza kwa spana ya kipimo kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari lako. Rudia kukaza baada ya safari ya kwanza.

Mdau wa Nairobi

Nyinyi wawili mko sawa, kila mtu na kazi yake. Mimi nimekuwa fundi wa timu kwenye Rhino Charge. Kwa wasioijua, ni mashindano yaliyoanza 1989 huku Kenya: gari linapita vituo 13 ndani ya saa 10, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi zaidi, si aliyekimbia. Pesa zinaenda kwa Rhino Ark, wale waliojenga ua wa umeme wa Aberdare. Ukitafuta umbali mfupi unapita juu ya mawe na ndani ya makorongo. Stelingi inakula kipigo cha mwaka mzima kwa siku moja.

Kwa gari la hivyo, tairodi ya kupinda haitakusaidia, muda hakuna. Sisi tulifuata mnyororo wote. Tairodi nene kwanza. Halafu tukaweka silinda ya haidroliki kati ya ekseli na tairodi, ili nguvu ya kugeuza magurudumu itoke kwenye mafuta na boksi libaki kuongoza tu. Lakini boksi halikuwa shida yetu kubwa. Shida ilikuwa fremu pale linapofungwa. Ukisimama mbele mwenzako akazungusha usukani huku na huku, ulikuwa unaona boksi linatangulia kidogo kabla tairi halijageuka. Ule ni ukuta wa fremu unajikunja.

Fremu ni kama sanduku refu la bati nene lenye uwazi ndani. Bolti ikikazwa sana inaminya kuta mbili zisogeleane, ikilegea inapanua tundu. Dawa yake: toboa tundu kubwa kidogo, ingiza kipande cha bomba nene kinachotoka ukuta hadi ukuta, kichomelee pande zote, bolti ipite ndani yake. Sasa unaweza kukaza bila kuminya kitu. Halafu bamba la milimita 5 nje, lenye ncha zilizochongwa mshazari. Usilikate mraba na kuchomelea wima, kwa sababu mstari wa kuchomelea uliosimama wima kwenye fremu ndio ufa wa kesho. Na kabla ya kufunika ufa wa zamani kwa bamba, toboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, kisha uchomelee.

Mgeni kwenye jukwaa

Samahani wakuu, gari langu linatikisa usukani vibaya likifika mwendo wa 70. Fundi kaniambia niweke dampa kubwa la stelingi (shokomzoba ya usukani), zile mbili mbili. Hiyo si ndiyo kuimarisha?

Mdau wa Nairobi

Hapana boss. Dampa linanyamazisha kelele, ugonjwa unabaki. Balansi matairi, halafu kagua bushi za panadi rodi (fimbo inayozuia ekseli kuhama upande) na tundu la bolti yake kama limekuwa yai, beringi za nako, ncha za tairodi. Ukimaliza yote hayo ndipo uweke dampa jipya la kawaida.

Mchomeleaji, Chunya

Huku machimboni watu hawana hela ya fimbo mpya, wanakuja na tairodi imepinda wanasema ongeza nguvu. Kuna wanaochomelea engolaini (chuma cha pembe) juu ya bomba, kutoka ncha hadi ncha. Inasaidia, siwezi kukataa, ila mara nyingi wanachomelea mfululizo upande mmoja, bomba likipoa linajivuta na kupinda lenyewe kabla halijaona jiwe.

Mimi naivisha bomba la nje. Liwe la kubana, liingie kwa kugongwa kwa nyundo. Likiwa na nafasi, la ndani linapinda kwanza ndipo la nje lianze kufanya kazi. Kwenye la nje natoboa matundu kadhaa yasiyo kwenye mstari mmoja na najaza moto humo, moja huku, moja kule. Sizungushi pete ya moto kulizunguka bomba, maana pembeni ya pete ndipo bomba linapokatikia. Simwagii maji, naacha lipoe lenyewe kwenye hewa.

Nisichogusa kwa moto hata uniletee ng'ombe: pitimani (mkono unaotoka kwenye boksi kusukuma draglinki), mikono ya nako na ncha za tairodi. Vile vimefuliwa na kupikwa kiwandani, moto wangu unaharibu kile kilichovifanya kuwa vigumu. Pitimani ikipinda ni mpya au ya gari lililokatwa, basi. Wako wanaozipasha moto na kuzinyoosha, na zinanyooka vizuri tu, hadi uwe kwenye mteremko wa Mbeya na lori linapanda.

Mdau wa Maskati

Assalaam aleikum jamaa. Mimi niko Oman, nina Nissan Patrol ya ekseli nzima mbele. Mchangani kule Sharqiya stelingi haipati tabu sana, tunashusha upepo na gari linaelea. Tabu ni mawadi (mabonde ya mito mikavu), mawe ya mviringo makubwa kama mitungi, gurudumu likibanwa kati ya mawili na difu ya mbele umeifunga loki (magurudumu yote mawili yazunguke pamoja), wewe unalazimisha usukani. Hapo utavunja chochote, kinene kwa chembamba. Rudi nyuma shibiri moja, gurudumu lilegee, ndiyo ugeuze. Hilo halina gharama.

La pili ni kuinua gari. Niliinua inchi 3 na usukani ukawa mwepesi wa kutisha barabarani, gari linatangatanga. Kwa gari la springi za koili, kila inchi unayoinua inakula takribani digrii 1 ya mlalo wa nako, ndio unaorudisha usukani katikati. Nikaweka bushi zenye tundu la pembeni kwenye mikono ya ekseli, likatulia. Kwa springi za majani kama HZJ75 wanaweka kabari chini ya springi. Na panadi rodi nayo irefushwe, kwani ekseli inakuwa imehamia upande.

Mwenye Suzuki, Lushoto

Kwetu sisi wa Samurai tairodi iko mbele ya ekseli, wazi kabisa, jiwe la kwanza ni lake. Ikipinda matairi yanatazamana badala ya kutanuka. Niliweka nene, na bamba la kulinda chini yake lililoinama kama jembe ili jiwe liteleze. Bamba ndilo lililonisaidia zaidi. Gari letu ni jepesi, halihitaji michuma mingi ya kuongeza uzito mbele.

Mleta mada

Nimekwenda chini ya gari na tochi baada ya kusoma ya Karatu. Upande wa dereva nati mbili zilipokea karibu robo mzunguko. Stadi mpya nimeagiza. Mzee, ukiacha tairodi nzima, unabeba spea gani nyingine ya stelingi?

Dereva wa watalii, Karatu

Stadi na koni za nako moja. Waya laini na spana ya bomba. Ncha za tairodi mbili, ya thredi ya kulia na ya thredi ya kushoto, na pini zake. Usibebe mbili za kulia ukidhani zinafanana. Ya kulia unaweza kuipata hadi Mto wa Mbu, ya kushoto wanakuambia urudi Arusha.