Boksa 150: stata inalia "tak" tu, kiki inawasha. Ninunue nyingine?

boda_gongoni
Assalamu alaykum mafundi. Pikipiki ni Boksa 150, njia yake Malindi, Mambrui, Gongoni, na mara nyingi inaingia mpaka kwenye mashamba ya chumvi. Nikibonyeza stata, rilei (swichi ya umeme ya stata) inalia tak moja, mota ya stata inajikokota au hainyanyuki kabisa. Kiki moja tu inawaka. Betri inasoma 12.6. Taa ya mbele haififii sana nikibonyeza. Dukani wanasema stata imekufa. Kabla sijatoa pesa, nianzie wapi?

fundi_waya
Waalaykum salaam ndugu yangu. Usinunue kitu bado. Hiyo taa isiyofifia ndiyo yenye habari. Mota iliyokwama au iliyopiga shoti hunyonya umeme mwingi mpaka taa ikazama. Yako haizami, kwa hiyo umeme haupiti kwa wingi: kizuizi kiko kwenye waya, kwenye rilei, au kwenye kaboni ndani ya stata (vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka).

Chukua mita, weka volti za DC 20. Gia iwe nyutro. Chomoa kofia ya plagi, ichomeke kwenye plagi nyingine iliyogusa chuma cha injini, ili injini isiwake na sidiai (CDI, kisanduku kinachotawala cheche za plagi) isiungue. Kisha bonyeza stata sekunde mbili tatu kwa kila kipimo:

1. Betri yenyewe. 12.6 ikiwa imepumzika haitoshi kuiamini. Ikivuta stata isishuke chini ya 9.6.
2. Ncha moja kwenye risasi ya hasi ya betri (si kwenye kichwa cha waya), nyingine kwenye bodi ya stata (ganda lake la chuma). Isizidi 0.2.
3. Risasi ya chanya mpaka nati ya waya wa stata. Ikizidi 0.5, pima rilei peke yake, nguzo moja nene hadi nyingine. Hapo isizidi 0.3.

Kwa pikipiki inayokanyaga tope la chumvi, mimi ningeshuku namba 2 kabla ya yote. Waya wa ethi (wa hasi, kutoka betri hadi injini) huoza ndani ya ganda, nje unaonekana mzima.

mota_na_kaboni
Naunga mkono. Vipimo vyote vikiwa sawa na bado inajikokota, ndipo uifungue stata. Toa waya wa hasi wa betri kwanza, halafu waya wa stata, halafu bolti mbili zinazoishika kwenye injini. Ivute huku unaizungusha. Usiikwangue kwa bisibisi, alumini itapata kovu na oili itavuja hapo.

Kabla ya kulegeza bolti mbili ndefu, chora mstari kwa msumari kutoka kifuniko hadi bodi pande zote mbili. Vifuniko vikirudi vimegeuka, kaboni hazikai mahali pake. Ringi nyembamba (washa) za kwenye shafti zihesabu na uzipange zilivyotoka. Na tafadhali, bodi isigongwe nyundo: sumaku zilizogandishwa ndani hupasuka.

Kaboni iliyoisha haisukumwi tena na springi, inagusa shaba (vipande vya shaba vinavyozunguka na shafti) kwa kubahatisha. Badilisha zote pamoja. Shaba isugue kwa msasa laini wa karatasi, namba 600, kwa kuizungusha. Emeri ya kitambaa iache, chembe zake hubaki na kula kaboni mpya. Vumbi jeusi kwenye mifereji ya shaba litoe lote. Kisha mita: kipande cha shaba hadi kipande kingine lazima ipitishe, shaba hadi shafti isipitishe. Ikipitisha, hapo ndipo stata imekufa kweli.

Oringi mpya (mpira wa duara wa kuzuia oili) ipake oili kidogo. Bolti za milimita 6 kaza kwa spana fupi, nyuzi za alumini hung'oka upesi.

boda_gongoni
Shukran sana. Betri ikivuta 11.3. Chanya hadi stata 0.4. Hasi hadi bodi ya stata 2.9!

fundi_waya
Umeipata. Karibu volti tatu zinapotelea kwenye ethi. Fungua bolti yake kwenye injini, sugua hadi chuma king'ae, na waya wenyewe ubadilishe, unene usipungue wa zamani. Vaselini ipake baada ya kukaza. Pima tena, ikirudi chini ya 0.2 stata haina kosa.

mota_na_kaboni
Siku ukisikia mota inavuma kwa kasi lakini injini haigeuki, hilo ni klachi ya stata upande wa magneti, stata mpya haitasaidia. Kitufe kisizidi sekunde tano kwa mkupuo, ipumzike nusu dakika. Na wakioshea pikipiki tope, mpira wa maji ya presha usielekezwe kwenye stata.