Udongo gani unafaa pilipili za kwenye ndoo? Wangu unageuka tope

RoshaniYaPili:
Wakuu, naomba msaada kabla sijaua miche mingine. Napanda pilipili mbuzi kwenye ndoo za lita 20 huku roshani, jua linapiga tangu asubuhi hadi saa nane. Mara ya kwanza nilichota udongo shambani, ule mweusi unaonata, mahindi yanaupenda kweli, nikachanganya na samadi nusu kwa nusu. Miche ikatulia wiki mbili, kisha majani ya chini yakaanza kuwa njano. Nikadhani kiu, nikaongeza maji. Hali ikazidi. Jana nimeng'oa mmoja: mizizi ya kahawia, ukiivuta inachubuka unabaki na uzi mkononi, na udongo wa chini unanuka mtaro. Matundu yapo manne, nilitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto.

Sasa nimenunua mfuko wa udongo wa dukani, umeandikwa "kwa mimea yote". Ndani kuna vumbi la kahawia iliyokoza, vipande vya magome, na vidude vyeupe vyepesi kama bisi zilizopondwa. Ukikauka, maji yanateleza juu na kutokea pembeni bila kulowesha kitu. Niutumie hivyo hivyo, nichanganye na wa shamba, au vipi? Na hivyo vyeupe ndiyo mbolea?

FundiKitalu:
Pole mkuu. Udongo wako hauna ubaya, ila umehamishwa kwao. Shambani maji yakishuka yana pa kwenda, na minyoo na mizizi ya zamani imeshayatobolea njia. Kwenye ndoo safari inaishia kwenye plastiki. Hata utoboe matundu ishirini, tabaka la chini litabaki limeloa, na kadiri chembe za udongo zilivyo ndogo ndivyo tabaka hilo linavyopanda juu. Udongo wa mfinyanzi kama huo wako unaweza kuwa umepasuka juu kwa ukavu na chini ni bwawa. Mizizi nayo inahitaji hewa. Ule mche ulikuwa unazama, nawe ukauongezea maji.

Vidude vyeupe ni pelaiti, jiwe la volkano lililochomwa moto mkali hadi likafura. Hailishi mmea, kazi yake ni kuacha nafasi za hewa. Lile vumbi nadhani ni piti, mabaki ya mimea ya vinamasi; likikauka kabisa linakataa maji. Limwage kwenye beseni, nyunyizia maji ya vuguvugu kidogo kidogo huku unalichanganya kwa mikono, liache lilale usiku. Asubuhi finya konzi moja: ishikane, itoe tone moja au mawili basi. Ikichuruzika, umezidisha.

Usichanganye na wa shamba. Chembe zake ndogo zitajaza zile nafasi ulizolipia. Mimi kitaluni nachanganya sehemu mbili za kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi), moja ya mboji iliyoiva, moja ya pelaiti. Pelaiti ikikosekana natumia maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi. Yakishakuwa jivu jeupe umechelewa. Kokopiti ioshe mara mbili tatu kwa maji safi, nyingine hubeba chumvi.

Na ile samadi nusu kwa nusu ni nyingi mno. Kuna msimu nilitia mkono kwenye lundo la mboji yenye kinyesi cha kuku, lina joto kama uji wa asubuhi, nikasema haidhuru. Miche 200 ikaungua kingo za majani ndani ya siku nne. Mboji iliyoiva imepoa na inanuka udongo. Ikikuchoma pua, iache.

MzeeWaNdoo:
Mnazunguka sana. Weka kokoto chini inchi tatu, maji yatashuka yenyewe. Nimefanya hivyo miaka.

FundiKitalu:
Shikamoo mzee. Nami niliamini hivyo hadi nilipopindua ndoo moja nikakuta kokoto kavu na udongo ulio juu yake umelowa chepechepe. Maji hayatoki kati ya chembe ndogo na kuingia kwenye mwanya mkubwa mpaka udongo ushibe kwanza. Kwa hiyo lile bwawa linahama tu, linapanda inchi tatu kuifuata mizizi. Loweka sifongo, ilaze bapa hadi iache kudondoka, halafu isimamishe wima: inatoa maji tena. Ndiyo maana chombo kirefu hukauka vizuri kuliko kifupi kwa udongo ule ule. Kuzuia udongo usitoke, kipande cha chandarua juu ya matundu kinatosha.

MzeeWaNdoo:
Marahaba. Sifongo nitaijaribu, kokoto siziondoi.

MamaMchicha:
Mdogo wangu, ule udongo ulionuka usiuhamishie ndoo nyingine, na ndoo yenyewe isugue kwa sabuni. Pia udongo wa dukani chakula chake huisha baada ya wiki kadhaa, hivyo jiandae kulisha kidogo kidogo. Usizidishe naitrojeni, utavuna majani. Na uache kumwagilia kwa ratiba: inyanyue ndoo. Ikiwa nzito, geuka urudi ndani.

RoshaniYaPili:
Asanteni sana. Leo nimechukua makopo mawili sawa, nimeyatoboa chini, moja nikajaza wa shamba, jingine wa dukani niliokwisha kuulowesha. Kila moja nikamwagia kikombe kimoja. La dukani lilikuwa linadondosha chini hata sijaweka kikombe. La shamba, nimeosha vyombo vyote nimerudi, maji bado yamesimama juu yananitazama. Nimeshahamisha miche mitatu. Ila ndoo moja ina vijiinzi vidogo vyeusi, vinaruka kila nikigusa udongo. Nitupe tena?

MamaMchicha:
Usitupe. Hivyo vinataga kwenye udongo wenye unyevu. Acha inchi ya juu ikauke kabla ya kumwagilia tena. Umeinyanyua ndoo lakini?

RoshaniYaPili:
Nimeinyanyua sasa hivi. Nzito. Narudi ndani.