Nina milioni 3, nauza madera mtandaoni nikiwa Morogoro. Nitengeneze tovuti au niongeze mzigo?

Mama_Madera:
Wakuu habari za jioni. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro mjini. Nauza madera na vijora kupitia stetasi ya WhatsApp na ukurasa wa Instagram. Mzigo nafuata mwenyewe Kariakoo, naondoka na treni ya asubuhi narudi jioni. Wateja wangu ni majirani, walimu wa shule anayofundisha dada yangu, na rafiki wa rafiki. Wakinunua hao, biashara inatembea. Wakinyamaza, na mimi nalala.

Juzi kikoba chetu kimevunjwa tukagawana pesa, nikijumlisha na akiba yangu nina milioni 3. Kuna kijana anasema atanitengenezea tovuti ya duka, yenye kapu la kununulia na malipo ya simu, kwa milioni 1 na laki 6. Anasisitiza bila tovuti sitoki. Mume wangu anataka nichukue fremu (chumba cha duka) karibu na soko la Chifu Kingalu, lakini mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Mimi ninachotaka ni duka ambalo mtu wa Mbeya au Dodoma asiyenijua kabisa atanunua na kulipa. Nianzie wapi? Na mikoani mnatumaje mzigo bila ugomvi? Nawasilisha.

Kodi_na_Chai:
Dada, kutengeneza tovuti ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo kijana mwenzangu atanisamehe. Usimpe hiyo pesa sasa hivi.

Tovuti haileti watu. Tovuti inapokea watu ambao umeshawaleta kwa njia nyingine, na wewe hao bado huna. Jumia walikuwa na tovuti, programu ya simu na mabango barabarani, na bado walifunga Tanzania Novemba 2019. Sisemi walifungwa na tovuti, nasema tovuti nzuri haikutosha kuwabakiza.

Wateja wako wanaishi WhatsApp. Pakua WhatsApp Business, ni bure. Ina katalogi: unaweka picha, bei na maelezo ya kila dera, mteja anachagua na kukutumia oda humo humo. Ina lebo za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri, na majibu ya haraka ili usiandike namba ya malipo mara mia kwa siku. Hilo ndilo duka lako la kwanza.

Ukifika mahali oda zinakushinda kuzijibu kwa mkono, rudi tuzungumze tovuti. Siku hiyo muulize fundi maswali haya kabla ya bei: jina la tovuti linasajiliwa kwa jina la nani? Nikitaka kubadilisha bei saa tano usiku naweza mwenyewe kwa simu, au nikuamshe? Akianza kuzunguka, mkimbie.

Jabali_Mtupu:
Napingana kidogo na mkuu hapo juu. Instagram si nyumba yako, umepanga tu. Nimeona watu wameibiwa akaunti, wengine zimefungwa, wafuasi wote wamepotea na biashara imeanza upya. Mwenye tovuti hana hofu hiyo.

Kodi_na_Chai:
Jabali, hoja ya kuibiwa akaunti nakubali, ila dawa yake si milioni 1 na laki 6. Dada, washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye Instagram na WhatsApp zote, leo, kabla hujalala. Usimpe mtu yeyote namba ya siri inayokuja kwa meseji, hata ajitambulishe vipi. Halafu kila aliyenunua, jina na namba yake viingie kwenye daftari: alinunua nini, anapenda rangi gani, yuko wapi. Akaunti ikipotea, daftari linabaki.

Na hili wengi hawalijui: orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) inachukua watu 256 tu, na ujumbe haumfikii ambaye hajahifadhi namba yako. Kwa hiyo kila ukiuza, mwombe mteja akuhifadhi.

Winga_wa_Kongo:
Sister, mimi niko Kariakoo mtaa wa Kongo, kazi yangu ni uwinga, yaani dalali wa kuunganisha wateja na maduka. Usije na milioni 3 yote ukajaza mabegi. Madera yana misimu na yana machaguo, ukikosea rangi unalala nayo mpaka Idi nyingine.

Chukua machache machache kwa kila aina, yapige picha, yapeleke hewani. Yanayoulizwa sana ndiyo unarudia. Tafuta maduka mawili matatu ya jumla uwe mteja wao wa kudumu. Wakishakuzoea unatuma hela, wao wanafunga mzigo na kuupandisha basi, wewe unapokea stendi ya Msamvu bila kuja.

Kuna wanaoposti picha za duka la watu bila kuwa na kitu mkononi. Inalipa kwa wa hapa hapa, anayeweza kukimbia dukani dakika kumi. Kwa aliye Morogoro ni hatari, maana mteja ameshalipa, unapiga simu dukani unaambiwa lile la kijani limeisha asubuhi. Posti ulichokishika.

Bi_Tausi_Iringa:
Ngoja niseme na mimi mnunuaji, maana humu wote ni wauzaji.

Mnatukera sana na "bei njoo DM", yaani tuulize kwa ujumbe wa faragha. Nikiona hivyo napita. Nakuja DM ya nini kama dera linauzwa 22,000? Andikeni bei! Anayesema ghali hakuwa mteja wako tangu mwanzo.

Pili, picha mnazozitoa Pinterest za mwanamke wa nchi nyingine amevaa nguo ambayo hata si hiyo. Mama_Madera, litundike dera mlangoni mchana, piga picha kwa mwanga wa nje, halafu chukua video fupi ukilishika kitambaa tuone kama linaonyesha mwili au la. Hilo ndilo swali la kila mwanamke na hakuna anayelijibu. Mwingine anaandika "fri saizi" basi kamaliza. Mimi mrefu, fri saizi inaniishia juu ya kifundo. Andika urefu kwa inchi na upana wa kifua.

Na rangi, kama kwenye picha imetokea tofauti, sema. Kuna muuzaji mmoja aliniambia "dada hili kwa macho limepoa kuliko kwenye picha". Mpaka leo sinunui kwingine.

Mzee_wa_Parseli:
Mama, Morogoro si kikwazo. Mabasi ya Iringa, Mbeya na Dodoma yanapita hapo. Mteja wa Dodoma ukimpandishia mzigo asubuhi, jioni kashavaa. Wauzaji wengi wa Dar wanapambana na foleni kwanza ndipo wafike stendi ya Mbezi.

Utaratibu wangu huu. Mzigo wa mkoani haupandi basi kabla pesa haijaingia, na hilo liandike kwenye wasifu wa ukurasa lisiwe siri. Peleka ofisi ya basi, usimpe konda mkononi bila risiti. Jina na simu ya mpokeaji andika kwa maka peni juu ya mfuko, na tena kwenye karatasi ndani, maana juu huwa panafutika. Piga picha ya mfuko na risiti, mtumie mteja pamoja na jina la basi na namba ya ofisi yao kule anakopokelea. Mteja mwenye risiti hapigi simu kumi, anapiga moja.

Nauli mkubaliane mapema. Mimi napenda aniwekee pamoja na bei ya bidhaa, maana akiikuta kule ofisini anaona kama umemwongezea.

Wa Morogoro mjini waruhusu walipe wakipokea, ila nauli ya boda itangulie. Asiyeweza kutoa nauli ya boda hana nia ya kununua, utamtuma kijana mpaka Kihonda akute simu imezimwa.

Mama_Madera:
Asanteni sana, nimeandika kila kitu. Bi Tausi umenichekesha, "bei DM" nilikuwa naandika na mimi.

Naomba niulize mawili. Asiyenijua atanitumiaje pesa kwanza? Wengi wameshaibiwa, wakisikia "lipa kabla" wanakimbia. Halafu na mimi mwenyewe juzi nimeletewa meseji ya muamala, kumbe feki, nusura nimkabidhi mtu madera mawili.

La pili, dera nanunua 14,000 nauza 22,000, faida 8,000, lakini mwisho wa mwezi siioni. Inaenda wapi?

Mhasibu_Mstaafu:
Binti yangu, nianze na la pili. Faida yako si 8,000.

Tuseme umeleta madera 30. Treni kwenda na kurudi, mbeba mzigo, chakula na bodaboda vimekula 60,000. Hiyo ni 2,000 kwa kila dera. Mfuko na stika, weka 500. Tangazo na bando, weka 1,500. Dera lako sasa limekugharimu 18,000, imebaki 4,000. Mteja akibembeleza ukampunguzia 2,000, umebaki na 2,000, na bado hujahesabu yale matatu ambayo hayatoki. Unaona ilipo? Ukileta 60 kwa safari ile ile, au duka likikupandishia basini, ile 2,000 inashuka. Hapo ndipo pa kuwekea mtaji wako, kabla ya tovuti na kabla ya fremu.

Pesa ya duka na ya nyumbani zisikae laini moja. Chukua Lipa Namba, namba ya kupokelea malipo ya biashara kwa simu. Mteja akiingiza namba hiyo anaona jina la biashara kabla ya kubonyeza, na hilo peke yake linapunguza woga. Meseji ya malipo usiiamini hata ikiwa na herufi zote: fungua salio lako uone. Ikiwa imetoka namba ya kawaida ya mtu, ni ya wezi, itume 15040, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) waishughulikie.

TIN (namba ya mlipakodi) kachukue TRA, mamlaka ya mapato, ni bure. Mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato ya biashara, lakini wewe kwa kasi hii utazivuka, kwa hiyo anza kuandika mauzo kila siku. Mwenye kumbukumbu anakadiriwa kwa alichouza. Jina la biashara lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na leseni uombe kwa mfumo wa TAUSI wa halmashauri. Kwa mteja wa mbali, cheti cha BRELA kwenye ukurasa kina uzito kuliko kuapa kwa Mungu.

Bi_Tausi_Iringa:
Naongezea kwenye woga wa kulipa. Weka picha za risiti za mabasi, ukificha namba za watu. Na mtu akipokea mwombe sauti au picha akiwa amevaa, akiridhia uiposti. Mimi nilianza kwa kuagiza kijora kimoja cha bei rahisi ili kumpima muuzaji. Kilipofika ndipo nikaagiza ya harusi ya mdogo wangu, sare ya watu kumi na wawili. Kwa hiyo usimdharau wa kimoja.

Jabali_Mtupu:
Na matangazo ya kulipia je? Au hayo nayo mnayapinga?

Kodi_na_Chai:
Siyapingi, ila ayaanze akiwa na katalogi iliyojaa na mtu wa kujibu simu. Aweke tangazo linalompeleka mteja moja kwa moja WhatsApp, siyo la kutafuta wafuasi. Wafuasi hawali ugali. Achague video moja ambayo bila kulipia tayari imeulizwa sana, aichagulie miji ambayo basi linafika siku hiyo hiyo. Kiasi kidogo kwa siku chache, kisha aangalie wangapi wameandika na wangapi wamelipa. Kama hana kadi ya benki, kadi ya Visa ya mtandaoni inatengenezwa ndani ya M-Pesa.

Mama_Madera:
Nimekaa na mume wangu tumesoma uzi wote. Fremu tumeahirisha. Kijana wa tovuti nitamwambia asubiri. Milioni 1 na nusu mzigo, kwa awamu kama alivyosema Winga, kidogo matangazo, nyingine ibaki isiguswe. Kesho naanza na picha za mlangoni.

Swali la mwisho: jina la duka nilibadilishe sasa au baadaye? Ninalotumia ni jina la mwanangu, na Instagram kuna maduka mengine yanafanana nalo.

Kodi_na_Chai:
Sasa, kabla hujachapa stika. Tafuta jina ambalo liko wazi BRELA, Instagram na kwenye .co.tz (anwani ya tovuti za biashara za Tanzania) kwa pamoja. Likipatikana, sajili na hilo la .co.tz hata kama tovuti huna. Gharama yake kwa mwaka ni ndogo, na hakuna atakayekuja kukuuzia jina lako mwenyewe. Libaki fupi, mtu aweze kulitaja kwa simu bila kulitaja herufi moja moja.