Naomba ushauri: tumegawanyika juu ya wanyama wanaoua mifugo yetu

Mleta mada:
Wanajamvi, salaam. Katika miezi mitatu nimepoteza mbuzi tisa usiku, na wapo majirani waliopoteza zaidi. Sasa wafugaji wengi wanataka mzoga utiwe sumu na kuachwa porini, ilhali wasiofuga, ambao baadhi yao wanaishi kwa kupokea wageni wanaokuja kutazama wanyama, wanatuambia tuvumilie. Inaniuma kwamba anayeambiwa avumilie ndiye huyo huyo aliyepata hasara, lakini sumu siiafiki hata kidogo. Niseme nini mkutanoni bila kuonekana nimewasaliti wafugaji wenzangu?

Mchangiaji wa 1:
Pole sana. Je, mmeshajua ni mnyama gani? Chui hukaba koo, na mara nyingi huburuta windo hadi kichakani au juu ya mti, wakati fisi hutafuna hata mifupa. Uzio uliozamishwa ardhini ili fisi asichimbe hautamzuia chui anayeingia kwa juu, kwa hiyo someni nyayo kabla ya kubishana.

Mchangiaji wa 2:
Mimi nilikuwa upande wa sumu, na tuliitega. Walikufa fisi mmoja, tai wengi, na mbwa wa jirani yangu aliyekuwa akilinda kondoo. Jirani huyo hajanisemesha tangu siku ile, na ninaona ana haki.

Mchangiaji wa 3:
Zipo njia zilizojaribiwa. Kule Okavango, Botswana, watafiti walichora macho kwenye makalio ya ng'ombe, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba kati ya ng'ombe 683 waliochorwa hakuna aliyeuawa na simba wala chui, ilhali kati ya 835 wasiochorwa waliuawa 15. Simba na chui huvizia, na wakidhani wameonekana huacha. Kwa fisi nisingetegemea rangi, ningeimarisha zizi.

Mchangiaji wa 4:
Ndugu, tatizo lenu hasa ni nani abebe gharama. Wanaofaidika na wageni wachangie nyaya na nguzo za mazizi, tena waambiwe hivyo waziwazi mbele ya mkutano, kwa sababu mfugaji anayeachiwa hasara peke yake ndiye anayeishia kushika sumu.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Kesho alfajiri nitakagua nyayo pamoja na jirani anayeshabikia sumu kuliko wote, kisha nitamwomba yeye mwenyewe alitoe mkutanoni ombi la mchango wa mazizi.