MREJESHO: Orodha ya barua pepe iliyogoma kuniachia

Wakuu, niliuliza jinsi ya kujitoa kwenye orodha ya zamani ya barua pepe inayoendeshwa na LISTSERV, ile programu iliyoanza mwaka 1986. Nashukuru kwa majibu, imekubali.

Aliyesema amri isitumwe kwenye anwani ya orodha alinipa ufunguo. Ukituma huko, wanachama wote wanasoma "nitoeni" yako na mashine haina habari. Amri inakwenda kwenye anwani inayoanza na LISTSERV, ndani ya barua yenyewe: SIGNOFF, kisha jina la orodha. Mstari wa mada (subject) hausomwi kabisa.

Hata hivyo jibu la kwanza lilisema mimi si mwanachama, na huku barua zinamiminika! Kumbe orodha inaijua anwani yangu ya zamani, ambayo hupeleka barua kwenye hii ya sasa. Niliigundua kwa kufungua vichwa kamili (headers) vya barua mojawapo, yaani yale maelezo yaliyofichwa ya njia iliyopitia. Nikatuma amri kutoka kwenye anwani ile ya zamani, nikaombwa kuthibitisha kwa kujibu OK, basi. Futeni pia sahihi chini ya barua. Mashine iliisoma namba yangu ya simu kama amri na kulalamika.

Orodha nyingine nimeibakiza. Hiyo nimeitumia amri ya SET, jina la orodha, kisha DIGEST, na barua zinakuja zimefungwa pamoja. Nikisafiri nitaweka NOMAIL, uanachama unabaki ila barua zinasimama.