Tarehe imepita, uchungu hauji: kusubiri, kidole cha mkunga au kuanzishiwa?

Binti Shangani
Habari za jioni wapendwa. Niko Mtwara mjini, mimba ya kwanza. Kadi ya kliniki imeandikwa 30 Desemba, leo tarehe 5 Januari na mtoto bado yumo, anapiga mateke wala hana habari. Kliniki wamesema ikitimia wiki ya 41 bila uchungu niende na begi langu, nianzishiwe uchungu kwa dripu. Sasa hiyo dripu ndiyo naiogopa. Kila ninayemuuliza anakunja uso kwanza ndipo ajibu.

Nyumbani nako kila mtu daktari. Mama mkwe kaniletea mizizi kutoka Tandahimba, imefungwa kwenye gazeti, nichemshe ninywe alfajiri. Wifi anasema tende. Mume wangu kasoma mahali habari za mafuta ya nyonyo. Jirani anataka nideki nyumba kwa magoti. Aliyepita njia hizi naomba anilinganishie: ipi inaleta uchungu kweli na ipi ni kuchoshana tu? Na kama kuna namna salama ya kuikwepa dripu, nitashukuru sana.

Mama Wawili Chikongola
Pole mdogo wangu. Hizo siku za kupitiliza zinachosha kuliko miezi yote tisa, hasa watu wanapoanza kupiga simu, "Vipi, bado?" Zima simu.

Mimi wa kwanza alikuja mwenyewe, wa pili nilianzishiwa. Uchungu wa kawaida ulianza taratibu: nikapika, nikaoga, nikapanda bajaji nikiwa bado naongea. Wa dripu ukishakolea haukupi muda wa kuzoea, sikufichi. Ila wanaokutisha hawakwambii kwamba dripu siyo inayoanza. Njia yangu ilikuwa imefunga, kwa hiyo usiku walinipitishia mpira mwembamba kwenye mlango wa kizazi, wakaujaza maji ukavimba huko ndani. Unakera zaidi ya kuuma. Asubuhi ukatoka wenyewe, njia imefunguka, ndipo wakatundika dripu. Jioni nilikuwa nanyonyesha. Nikiambiwa nichague nitachagua kama wa kwanza. Nikiambiwa hakuna jinsi, nitaenda bila kulia.

Kijana wa Newala
Mafuta ya nyonyo myatoe kabisa kwenye mjadala. Shemeji yangu aliyanywa, usiku kucha akawa chooni, asubuhi tukampeleka kuwekewa maji. Uchungu wenyewe haukuja, alijifungua siku zake zilipofika.

Mkunga Lindi
Binti Shangani, kabla hatujalinganisha njia, hebu tuihakiki tarehe. Nijibu haya: siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho una uhakika nayo? Mzunguko wako ni wa siku ngapi? Utrasaundi ya kwanza ulipiga mimba ikiwa na miezi mingapi? Na mtoto leo kacheza kama kawaida yake?

Binti Shangani
Ahsante dada mkunga. Hedhi ya mwisho nina uhakika, ilikuwa 23 Machi. Ilinikuta kwenye kumi la mwisho la Ramadhani, nikala, na siku zile nilikuja kuzilipa, nimeziandika. Mzunguko wangu mrefu, siku 35 hivi, tangu usichana. Utrasaundi nilipiga mimba ikiwa na miezi minane, wao wakasema nitajifungua katikati ya Januari. Kliniki wakasema tufuate kadi. Mtoto anacheza vizuri, jioni ndiyo anazidi.

Mkunga Lindi
Umejibu kama mtu wa kazi hii. Ramadhani imetusaidia akina mama wa Pwani wengi kukumbuka tarehe, kuliko kalenda ya ukutani.

Kadi inahesabiwa hivi: siku ya kwanza ya hedhi, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi mitatu. 23 Machi inakupa 30 Desemba. Hesabu hiyo inamchukulia kila mwanamke kuwa na mzunguko wa siku 28. Wako ni 35, maana yake yai lilipevuka kama wiki moja baadaye, na tarehe yako inasogea kuelekea 6 Januari. Kwa hiyo kesho unaweza kuwa ndiyo kwanza unatimiza wiki 40, siyo 41. Utrasaundi ya mimba ya miezi minane usiitumie kuamulia, umri wa mimba wakati huo unaweza kukosewa hata kwa wiki tatu. Inayoaminika ni ya mapema, na Shirika la Afya Duniani linashauri ipigwe kabla ya wiki ya 24.

Haya usiyachukue kama ruhusa ya kukaa nyumbani! Nenda nayo kliniki kesho, waambie habari ya mzunguko, waandike kwenye kadi. Anayeamua ni aliyekushika tumbo, mimi niko mbali.

Sasa njia zenyewe.

Kusubiri. Mimba isiyo na tatizo, shirika hilohilo halishauri kuianzishia kabla ya wiki 41. Ikitimia 41 kwa uhakika, ndipo linapendekeza kuanzisha. Sababu ni kwamba kondo la nyuma linazidi kuchoka, maji yanapungua, na mtoto anaweza kujisaidia humo ndani akayavuta machafu kifuani. Hatari yenyewe ni ndogo ila inapanda kadiri siku zinavyokwenda. Uswidi walifanya utafiti, matokeo yakatoka 2019: wanawake zaidi ya 2,700, nusu wakaanzishiwa wiki ya 41, nusu wakasubiri hadi 42. Ulisimamishwa kabla ya kukamilika, kwa sababu watoto sita walifariki upande wa waliosubiri na upande wa pili hakufa hata mmoja. Na idadi ya waliopasuliwa haikupishana kati ya pande hizo mbili. Ndiyo maana siogopi kumwanzishia mtu wa 41, naogopa anayetoroka.

Kusubiri kwenyewe lazima kuwe na kazi: presha ipimwe, mapigo ya mtoto yasikilizwe, maji yaangaliwe kwa utrasaundi, na wewe uujue mchezo wa mtoto wako. Akipunguza kucheza usingoje asubuhi.

Kidole cha mkunga. Ukipimwa njia na kukutwa umefunguka hata kidogo, mkunga anazungusha kidole kuutenganisha utando na mlango wa kizazi. Mwili unatoa kichocheo chake wenyewe. Inauma kwa muda mfupi, unaweza kuona ute wenye damu kidogo na maumivu yanayokuja na kupotea. Haihakikishi kitu, ila inapunguza wanaofika kwenye dripu, na kwa anayeikwepa dripu kama wewe hii ndiyo ningeiuliza kwanza. Haifanywi kama kondo limekaa chini.

Kuanzishiwa. Mama Wawili kaeleza vizuri. Njia ikiwa ngumu tunailainisha kwanza, kwa mpira au kwa misoprostol ya kunywa, maikrogramu 25 kila baada ya saa mbili. Vidonge vingi vya dawa hiyo vina 200, yaani dozi nane ndani ya kidonge kimoja, kwa hiyo anayevinunua duka la dawa akameza nyumbani anacheza na kizazi chake. Dripu yenye oksitosini, dawa ya kuchochea uchungu, inafuata njia ikishakuwa tayari, matone yanaongezwa pole pole huku mapigo ya mtoto yanasikilizwa. Mimba ya kwanza yenye njia iliyofunga inaweza kuchukua siku nzima au mbili, jiandae kwa hilo. Wakati mwingine inagoma kabisa na mtu anaenda kupasuliwa.

Bibi Mikindani
Wajukuu, mimi nimezaa tisa na hiyo mizizi mnayoisema. Hakukuwa na dripu wala mpira. Mwacheni binti anywe dawa ya mkwewe, asije akaonekana ana dharau.

Mkunga Lindi
Shikamoo bibi. Sibishi kwamba mizizi ina nguvu, shida yangu ni hizo nguvu zenyewe. Baadhi ya hizi dawa zinakamua kizazi kweli, tena bila kukipumzisha, na mtoto anapata hewa yake kizazi kinapolegea. Kisipolegea anachoka, na mama anaweza kupasuka kizazi, hasa aliyezaa mara nyingi. Dripu nikiona uchungu umezidi naifunga, na baada ya dakika chache unaanza kupoa. Kikombe kilichokwisha kunywewa nitakifungaje?

Binti, mizizi ipokee kwa mikono miwili, mshukuru mama, iweke kabatini. Na yeyote aliyekwisha kunywa, amwambie mkunga anapofika leba. Hatutagombana. Tukijua hatutaongeza dawa juu ya dawa.

Nyota ya Masasi
Hapo kwenye mkwe nakazia. Mwambie mumeo aongee na mama yake, usijibebeshe wewe. Mimi wa kwangu alimwambia "daktari kakataza" na ikaisha.

Muuza Tende Soko Kuu
Mimi nauza tende kwa hiyo mnajua nitasema nini. Lakini kweli, tangu kisa cha Bi Maryamu na mtende, wazazi wetu wanampa mzazi tende. Kuna mdau ana jibu la kitaalamu?

Mkunga Lindi
Lipo, ila lina masharti. Utafiti wa Jordan uliochapishwa 2011 uliwafuata waliokula tende sita kila siku kwa wiki nne kabla ya tarehe. Walifika leba njia ikiwa imefunguka zaidi, na wachache zaidi walihitaji dawa ya kuchochea uchungu. Kundi lilikuwa dogo na hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo ni dalili njema, siyo hukumu. Na mwone hapo: wiki nne kabla. Binti Shangani akinunua kilo nzima leo anakula kitamu tu. Mwenye kisukari cha mimba aulize kwanza.

Kudeki na kutembea ni kuchangamsha mwili, sijaona ushahidi wa kuleta uchungu. Tendo la ndoa halina ubaya kama chupa haijapasuka na hakuna damu, ila tafiti hazijaonyesha kwamba linaharakisha. Kuchua chuchu kunaweza kusaidia kwa aliyekwisha kulainika, lakini kunaweza kuleta mikazo mikali, kwa hiyo mwenye presha au mwenye kovu la upasuaji asiguse kabla ya kuongea na mtoa huduma.

Baba wa Nanyamba
Nyie wa mjini mnalinganisha dripu na tende, sisi tunalinganisha barabara. Januari hii mvua imeanza, uchungu ukija saa nane usiku bodaboda anakwambia mto umejaa. Mke wangu tulimtoa kijijini mapema, akakaa kwa dada yake Mtwara karibu na hospitali ya Ligula. Kwa mtu wa mbali kusubiri nyumbani hadi wiki ya 41 sikushauri hata kidogo, sogea kwanza karibu na hospitali, kisha usubiri huko. Kama huna ndugu mjini, uliza kama wana nyumba ya kusubiria wajawazito. Na nauli iweke pembeni, pesa ya korosho isiishe yote kwenye sikukuu.

Nyota ya Masasi
Hili la baba ndilo lililokuwa linakosekana humu. Kwetu wengi wanasogea karibu na hospitali ya Ndanda au Mkomaindo wiki zikikaribia.

Binti Shangani
Nimerudi kliniki. Niliwaeleza habari ya siku 35, sista akachukua kalamu akahesabu upya, akamwita daktari. Wamekubali tarehe 6, kwa hiyo wiki 41 ni tarehe 13. Maji yako vizuri, presha nzuri. Nimepimwa njia, sentimita moja, bado ngumu. Kidole wamesema nirudi tarehe 9, leo hakitafika vizuri. Ikifika 13 bila kitu nalala wodini, waanze na mpira. Nimewauliza mwenyewe kama nitaruhusiwa kusimama na kutembea, wakasema ndiyo, mpaka dripu itakapotundikwa. Mume kaongea na mama yake. Kanuna kidogo, kisha kaleta uji.

Mama Wawili Chikongola
Begi weka na khanga za kutosha, usisahau chaja. Na muombe mume aje na wewe siku ya 13, kuna kusubiri kwingi.

Msichana wa Nachingwea
Samahani naingilia. Mimi nimepitiliza siku nne, na mtoto wa kwanza nilijifungua kwa upasuaji. Hii ya misoprostol au kidole inanihusu?

Mkunga Lindi
Wewe njia yako ni nyingine. Misoprostol haipewi mwenye kovu la kizazi, linaweza kuachia. Mizizi ndiyo usiisogelee kabisa. Kidole au mpira vinaweza kufikiriwa, na dripu kwa tahadhari kubwa, lakini huo ni uamuzi wa daktari baada ya kujua kovu lilipasuliwaje, kwa sababu gani, na limepita muda gani. Tena iwe mahali penye chumba cha upasuaji na damu ya akiba muda wote, yaani hospitali kama Nyangao, Sokoine pale Lindi, Ndanda, Ligula au Kanda ya Kusini kule Mitengo. Usisubiri wiki ya 41 ndiyo uanze kuuliza. Nenda kesho asubuhi na kadi zote mbili, hii na ile ya mimba ya kwanza. Ukiona damu, maji ya kijani, kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, mtoto kapunguza kucheza, au maumivu pale kwenye kovu yasiyoachia, ondoka usiku huohuo.

Msichana wa Nachingwea
Kadi ya kwanza iko kwa mama Ruangwa. Namtumia mdogo wangu aifuate leo hii.